Risasi za bei nafuu: zipi zinafaa kuwindia na zipi ziachwe dukani

Swali hili linarudi kila Julai inapokaribia na msimu kufunguliwa. Mtu ana leseni yake, kibali cha kununua risasi kiko mfukoni, amesimama kwenye kaunta ya duka la silaha hapa Arusha. Mbele yake kuna maboksi mawili ya .30-06, kalibari (saizi ya risasi na mtutu) ya bunduki ya kuwindia. Moja ni la bei ya chini, na bei ya lile jingine ingenunua matatu ya aina ya kwanza. Je, hili la bei nafuu litamwangusha kongoni, au atabaki anafuata damu kule Simanjiro mpaka giza liingie?

Sisi tunaowinda Longido, Monduli na Simanjiro tumejifunza kwamba bei peke yake haijibu chochote. Kuna mambo matatu ya kupima, na kila moja lina kipimo chake. Je, risasi inalipuka kila ukifyatua? Katika bunduki yako wewe, si ya rafiki yako, inapiga unapolenga? Na ikishafika kwenye nyama, kichwa chake, ile sehemu inayoruka, kinafanya nini? Risasi nyingi za bei nafuu zinafaulu la kwanza. La pili zinafaulu kuliko watu wanavyodhani. Zinakoangukia ni la tatu, na hilo ndilo watu hawalipimi kabisa. Wanapiga karatasi, matundu yanakaa karibu karibu, wanafurahi, wanapakia gari.

Kwanza tujue tunazungumzia risasi gani, maana kwenye rafu ya bei ya chini kuna vitu vya aina tatu na havilingani hata kidogo. Kuna risasi za kuwindia zenye kichwa cha muundo wa zamani: kiini cha madini ya risasi, gamba la shaba nyekundu, na ncha laini iliyoachwa wazi. Boksi litaandikwa SP. Hizi ni nafuu kwa sababu muundo wake ni rahisi kutengeneza na kiwanda hakikumaliza pesa kwenye kung'arisha maganda na kupamba boksi. Viwanda vyake vingine ni vya siku nyingi na vinajua kazi: Sellier & Bellot ilianza Prague mwaka 1825, Prvi Partizan ilianza Užice, Serbia, mwaka 1928. Kundi la pili ni za shabaha, kichwa kimefunikwa gamba mpaka nchani, herufi FMJ. La tatu ni mabaki ya kijeshi na maboksi yaliyokaa stoo miaka na miaka.

Kundi la pili na la tatu yaondoe kwenye hesabu ya kuwindia hata ukipewa bure. Kichwa kilichofunikwa mpaka nchani hakifunguki. Kinapita kwenye mapafu ya swala granti na kuacha tundu jembamba, mnyama anaondoka kama hajaguswa, damu chini ni matone, na kwenye nyasi kavu za Agosti unaweza kuipoteza njia yake kabla hujatembea mita 200. Tena kichwa cha kijeshi kilichochongoka huwa kinapinduka ubavu ndani ya nyama na kubadili njia, kwa hiyo hata mahali kitakapotokea hupajui. Wapo watakaokwambia kwamba hata nyati na tembo hupigwa kwa vichwa visivyofunguka. Ni kweli, lakini vile ni vizito, pua yake ni butu, gamba lake ni nene, na vimetengenezwa viende moja kwa moja kupita mfupa. Havina undugu na risasi ya shabaha ya .308.

Basi tumebaki na kundi la kwanza. Ukinunua, nunua maboksi mawili ya toleo moja. Namba ya toleo imepigwa mhuri kwenye ubavu au kwenye kifuniko cha ndani. Kiwanda kikibadilisha pipa la baruti hubadilisha na namba, na risasi za bei nafuu ndizo zinazotofautiana zaidi kati ya toleo na toleo. Hapa kwetu risasi hununuliwa kwa kibali na idadi huandikwa, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, kwa hiyo huwezi kununua boksi moja moja la kila aina kwa kujaribu. Maboksi mawili ni risasi 40. Zikitumika kwa mpango zinatosha kupima na kuwindia.

Nyumbani, mwaga risasi za boksi moja kwenye kitambaa cheupe karibu na dirisha. Pitisha kidole gumba kwenye kitako cha kila moja. Fataki, kile kidude cha katikati ya kitako kinachowasha baruti, iwe sawa na kitako kilichoizunguka, au imezama kidogo sana. Ikichomoza hata kidogo, bolti, kile chuma kinachofunga nyuma ya mtutu, itafunga kwa shida. Ikizama mno, nyundo itaigusa kwa udhaifu. Kisha tazama shingo ya ganda, pale linaposhika kichwa. Ufa mwembamba wa kusimama wima huonekana hapo kwenye risasi za zamani, kwa sababu shaba ya njano iliyokaa muda mrefu hupasuka yenyewe. Ukungu wa kijani ukifutika kwa kitambaa kikavu si neno. Ukiacha vishimo, tenga hiyo risasi. Shika kichwa kwa vidole, jaribu kukizungusha: kikizunguka au kikiingia ndani, irudishe. Mwisho, bingirisha risasi taratibu juu ya kioo huku ukiangalia ncha. Ncha ikizunguka palepale, vizuri. Ikichora duara, kichwa kimeingizwa upande.

Halafu kuna mizani. Arusha tuna bahati, kwa kuwa wafanyabiashara wa tanzanite wanazo zinazosoma sehemu ya mia moja ya gramu. Risasi nzima ya .30-06 ya greni 180 (huo ni uzito wa kichwa peke yake, sawa na gramu 11.7) huwa na uzito wa karibu gramu 27, na baruti ndani yake ni gramu 3.5 hivi. Watu wanapima, wanaona tofauti ya gramu 0.3 kati ya risasi na risasi, wanaingiwa hofu. Hiyo tofauti karibu yote ni ya ganda, kwa maana maganda ya bei nafuu hayalingani unene. Mizani haiwezi kukuonyesha upungufu mdogo wa baruti. Inachoweza kuonyesha ni kosa kubwa, risasi iliyopungukiwa gramu nzima au zaidi, na hiyo usiipige kamwe.

Kulipuka sasa. Risasi ikigoma porini au kwenye uwanja wa shabaha, usifungue bolti. Weka mtutu uelekee mahali salama, hesabu sekunde 30 polepole, ndipo ufungue, maana kuna fataki zinazochelewa. Kisha itazame fataki kwa makini kabla ya kulaumu kiwanda. Alama ya nyundo ikiwa ya kina na risasi haikulipuka, kosa ni la risasi. Ikiwa ni ya juu juu, kosa mara nyingi ni la bunduki: springi ya nyundo imechoka, au grisi ya zamani imeganda ndani ya bolti na asubuhi ya Julai inaifanya iwe nzito. Watu wametupa maboksi mazima kwa ugonjwa wa bunduki zao. Kwa upande mwingine, ukisikia mlio hafifu usio wa kawaida na bunduki haikupiga bega, simama hapo hapo. Usikoki tena. Toa risasi zote, toa bolti, tazama ndani ya mtutu kutoka nyuma. Huenda kichwa kimekwama humo, na risasi ya pili ikifuata mtutu unapasuka mbele ya uso wako.

Ukitumia bunduki ya .375 kuna jambo jingine ambalo risasi nafuu hushindwa na halionekani mezani. Teke la bunduki hiyo huzigonga risasi zilizo ndani ya magazini kwenye ukuta wa mbele, na shingo isiyobana sawasawa huruhusu kichwa kuingia ndani ya ganda. Chora mstari kwa kalamu ya wino usiofutika pale shingo inapokutana na kichwa, kwenye ile risasi ya chini kabisa. Piga za juu, kisha itoe hiyo ya chini uangalie. Mstari ukimezwa, toleo hilo halifai kwa bunduki hiyo, kwa sababu kichwa kikizama presha hupanda. Ncha laini kubonyea kidogo si tatizo. Kwa umbali wa chini ya mita 150 haibadilishi chochote cha maana, mradi tu risasi isikwame inapopanda kwenda chemba, pale inapokaa tayari kupigwa. Jaza magazini mpaka mwisho, zikoki zote moja baada ya nyingine kwenye uwanja wa shabaha, mtutu ukielekea kwenye shabaha.

Kwenye shabaha tunapiga mita 100, bunduki ikiwa imelala juu ya mifuko ya mchanga mbele na nyuma. Risasi 3 za mwanzo ni za kuisogeza darubini. Darubini nyingi za kuwindia husogeza milimita 7 hivi kwa kila mlio wa kifundo kwa umbali huo. Halafu piga makundi 2 ya risasi 5 kila moja. Kundi la risasi 3 hudanganya. Matatu yanaweza kukaa pamoja kwa bahati, ukatoka hapo unaimba, kumbe mawili ambayo hukuyapiga ndiyo yangekwambia ukweli. Mtutu wa kuwindia ni mwembamba, hivyo subiri mpaka uweze kuushika kwa kiganja bila kuuachia, ndipo uendelee.

Kundi la sentimita 6, yaani upana wa matundu yote matano kwenye karatasi, linatosha? Inategemea unamfuata nani. Sentimita 6 kwa mita 100 ni 9 kwa mita 150 na 12 kwa mita 200, na hapo bunduki imelala juu ya mchanga, wewe hujatembea, hupumui juu juu. Sehemu ya moyo na mapafu ya swala tomi ni sentimita 12 au 13 tu. Kwa hiyo ukiwa mita 200, risasi hiyo imeshakula nafasi yote na mkono wako haukuachiwa hata sentimita moja ya kukosea. Kwa swala pala, mwenye sentimita kama 18, mita 150 bado ni halali. Kwa nyumbu au pundamilia umbali huo ni rahisi. Ndiyo maana mtu akituambia tu kwamba risasi yake ina kundi la sentimita 6, tunamuuliza kwanza ana leseni ya mnyama gani.

Wenye mashine za kupima mwendo wa risasi wanahangaika na tofauti za mwendo, na ni kweli risasi nafuu hutofautiana, pengine mita 30 kwa sekunde kati ya iliyo polepole na iliyo kasi. Piga hesabu kabla ya kukosa usingizi. Kwa .308 inayotoka na mita 860 kwa sekunde, tofauti hiyo kwa mita 100 inahamisha tundu chini ya sentimita moja. Kwa mita 300 inafika sentimita 5 hivi. Nani kati yetu anampiga swala kwa mita 300? Kama unasogea karibu inavyotakiwa, tofauti hiyo haina nguvu ya kukukosesha nyama.

Kinachokukosesha nyama kweli ni kubadilisha boksi bila kupima upya. Greni 180 za kiwanda hiki na greni 180 za kiwanda kile, bunduki ileile, darubini ileile, huweza kutua sentimita 5 hadi 10 mbali kwa mita 100. Wengi hufanya mazoezi kwa risasi nafuu halafu siku ya kuondoka wanajaza magazini za bei kubwa wakidhani wamejiongezea usalama. Risasi utakayowindia ndiyo ya kurekebishia darubini, na ile ya kwanza kabisa kutoka mtutu baridi uliopakwa mafuta ipige kwenye karatasi yake peke yake, maana ndiyo itakayompiga mnyama.

Tuje sasa kwenye kichwa chenyewe, ambako pesa ya ziada inakwenda.

Kichwa cha ncha laini hufanya kazi kwa kufunguka kama uyoga. Kinapoingia, ncha inarudi nyuma, gamba linachanika vipande vinavyokunjuka, kipenyo kinaongezeka, na njia ya jeraha inapanuka. Lakini kiini na gamba lake havikuunganishwa, vimebanwa tu. Kikigonga kwa mwendo wa wastani kinafunguka na kubaki kitu kimoja. Kikigonga mfupa kwa mwendo mkali, gamba linaachia, kiini kinatoka, na kila kipande kinakwenda njia yake kikiwa chepesi mno kufika mapafuni. Ndiyo sababu mtu mwenye bunduki ya polepole husifia risasi ileile anayoilaani mwenye magnamu, bunduki ya risasi za kasi kubwa, na wote wawili wanasema kweli.

Chukua kichwa cha greni 180. Kutoka .30-06 kinatoka na mita 820 kwa sekunde hivi. Kutoka .300 Winchester Magnum kinakaribia 900, na nguvu zake zimeongezeka kwa asilimia 20. Kwa mita 50 tofauti hiyo inatosha kugeuza kichwa kizuri kuwa vumbi la madini begani. John Nosler wa Marekani alikutana na shida hii mwaka 1946 akiwinda moose, mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu, kule British Columbia, Kanada, kwa .300 H&H. Vichwa vya ncha laini vilivunjika kwenye bega la mnyama badala ya kuingia ndani. Akatengeneza kichwa chenye ukuta wa shaba katikati, ili nusu ya mbele ikiisha nusu ya nyuma iendelee, na mwaka 1948 akaanza kukiuza. Vichwa vya bei kubwa vya leo, vilivyounganishwa kiini na gamba au vya shaba tupu, vinajibu swali lilelile la mwendo mkali na mfupa mzito. Kama huna mwendo mkali wala hutapiga mfupa mzito, unalipia jibu la swali usiloulizwa.

Kwa hiyo mwenye 7x57, kalibari ya mwaka 1892, anayepiga greni 173 au 175 kwa mita kama 740 kwa sekunde, ana haki kabisa ya kununua boksi nafuu. Mwenye .30-06 achague greni 180, aache 150. Uzito zaidi ni mwendo pungufu na kichwa kirefu kinachobakiwa na mwili baada ya kufunguka. Mwenye .308 vivyo hivyo. Mwenye magnamu yoyote ya kasi asiokoe pesa kwenye kichwa. Kama kuna nafasi ya kuchagua umbo, chukua kitako bapa badala ya kitako kilichochongoka, kwa kuwa kiini huchoropoka kwa urahisi zaidi kwenye kitako kilichochongoka.

Haya hayapimwi kwa kusoma boksi. Kwenye uwanja unaoruhusiwa, panga madumu 8 ya lita 5 ya mafuta ya kula, yamejazwa maji, yamegusana, kwa mstari. Piga kutoka mita 50, kwa sababu hapo kichwa kiko kwenye mwendo mkali kuliko popote utakapopigia. Maji ni makali kwa kichwa kuliko nyama laini, hivyo kinachovumilia humo hakitakuaibisha ubavuni mwa swala. Kikusanye, kipime. Kichwa cha .30 kina kipenyo cha milimita 7.8, kikitoka na 12 hadi 16 kimefunguka vizuri. Uzito wa mwanzo wa kile cha greni 180 ni gramu 11.7. Ukikuta gramu 7 au zaidi, ni kawaida ya muundo huu na kinafaa kwa swala na kongoni. Ukikuta gamba tupu kwenye dumu la pili na kiini dumu la tatu, umejua.

Kipimo cha pili ni cha mfupa. Nenda bucha, nunua bega la ng'ombe lenye ule mfupa mpana, lifunge mbele ya dumu la kwanza, piga tena. Tofauti kati ya matokeo haya mawili ndiyo inayokwambia kama utasubiri mnyama akae ubavu au unaweza kumpiga akiwa ameelekea upande kidogo. Na ukipenda kujua mwisho wa umbali wako, kumbuka kwamba vichwa vingi vya aina hii vinahitaji mita 550 kwa sekunde au zaidi ili vifunguke. Greni 180 za .30-06 bado zina mwendo huo kwa umbali wote ambao mtu mwenye busara atapiga huku kwetu.

Mnyama kwa mnyama, msimamo wetu ni huu. Swala tomi, granti, swala pala na ngiri: boksi nafuu la ncha laini, lililofaulu karatasi na maji, linatosha, nyuma kidogo ya bega, sio kwenye bega lenyewe, maana utaharibu nyama ya mkono mzima. Kongoni na nyumbu: linatosha kwa greni 180, mnyama akiwa ubavu. Nyumbu ana sifa ya kuondoka na risasi, kwa hiyo subira ya ubavu si anasa. Choroa vilevile. Pundamilia tunasita. Ni mzito, ngozi na misuli ya bega ni minene, na kichwa nafuu kikikutana na mfupa wa mkono kinaweza kuishia hapo. Kama ndiyo risasi uliyonayo, msubiri mpaka mguu wa mbele upande wako umesogea mbele, umpige mapafuni. Pofu, mwenye uzito unaoweza kuzidi kilo 600, mpe kichwa kilichounganishwa, au .375 ya greni 300, ambayo kwa mita 770 kwa sekunde ni polepole kiasi cha kufanya hata ncha laini ya kawaida ifike ndani.

Nyati hapana. Kanuni zetu zinataka .375 kwenda juu, lakini kalibari pekee haitoshi kumaliza neno. Pesa unayookoa kwenye boksi la nyati ni ndogo mno ukiiweka karibu na ada ya leseni, na ni ndogo zaidi ukiiweka karibu na maisha ya mfuatiliaji nyayo atakayetangulia kuingia kichakani kumtafuta aliyejeruhiwa. Mnyama aliyejeruhiwa unalipia vilevile, na kumfuata ni wajibu wako. Wala usidhani bei kubwa peke yake ni kinga: .458 Winchester Magnum ilipotoka mwaka 1956 ilitangazwa kwa mita zipatazo 650 kwa sekunde, lakini baruti ya risasi za miaka ile ilikuwa imeshindiliwa ndani ya ganda fupi, ikaganda mabonge ikikaa, na baadhi ya risasi zilitoka na mwendo pungufu mbele ya wanyama wasiosamehe. Hata za bei kubwa zipimwe.

Maganda ya chuma tuyaguse kwa ufupi. Chuma hakitanuki na kuziba chemba vizuri kama shaba ya njano, hivyo moshi hurudi nyuma na kuacha utando wa masizi. Ukipiga nyingi halafu ukaingiza risasi ya ganda la shaba bila kusafisha, hiyo ya shaba ndiyo itakayonasa, nawe utailaumu bure. Kwenye vumbi la Longido safisha chemba kila jioni. Sumaku ya spika ya redio mbovu itakwambia kama hata gamba la kichwa ni chuma kilichopakwa shaba. Na kwa mabaki ya kijeshi ambayo watu bado wanapigia shabaha: fataki nyingi za zamani huacha chumvi ndani ya mtutu, na chumvi haiondoki kwa mafuta. Mimina maji ya moto kwanza, kausha, ndipo upake mafuta, siku ileile. Mjini Moshi wakati wa masika, mtutu ulioachwa na chumvi usiku mmoja huamka na kutu.

Joto nalo ni la kuangalia. Risasi zilizolala juu ya dashibodi ya Land Cruiser saa saba mchana zinapanda presha, na baruti nafuu mara nyingi huathirika na joto zaidi. Dalili ni bolti kunyanyuka kwa ugumu, fataki iliyobonyezwa bapa mpaka kingo zake zimepotea, au alama inayong'aa kwenye kitako cha ganda. Ukiona moja, acha kupiga mpaka zipoe. Zibebe kwenye boksi lake ndani ya mfuko, kivulini. Mkanda wa ngozi ni mzuri kwa saa za kutembea, lakini usiziache humo mpaka msimu ujao, kwa sababu dawa za kulainishia ngozi ndizo zinazozaa ule ukungu wa kijani.

Baada ya hapo, mwalimu wako ni mchunaji. Kaa naye wakati anafungua mnyama, usiende kunywa chai. Mwombe akuonyeshe tundu la kuingilia, apime kwa vidole upana wa jeraha mapafuni, na akitafute kichwa chini ya ngozi ya upande wa pili, ambako vingi hukomea. Kioshe, kitie kwenye karatasi, andika mnyama, umbali, mahali kilipoingia na namba ya toleo. Kichwa kilichofunguka na kubaki kizima kwa swala pala wa mita 80 ni ruhusa ya kuendelea na boksi hilo kwa kongoni. Ukikuta gamba limekunjamana mbavuni na kiini kimepotelea tumboni, ilhali hakuna mfupa mzito uliopigwa, boksi lililobaki ni la kupigia karatasi tu, hata kama mnyama alianguka palepale.